Mkojo Unapochoma: Usinyamaze, na Usikimbilie Kusingizia Choo

Mimi ni mmoja wa wahudumu wa afya wa kijiji, wale mnaotuita VHT. Katika toleo hili nimeombwa kuandika juu ya ugonjwa ambao watu wengi hapa Nakivale wanaujua kwa mwili lakini hawapendi kuutaja kwa mdomo. Ni ule wa mkojo kuchoma kama pilipili. Wengine wanauita UTI, wengine wanasema "ugonjwa wa mkojo", na wengine wanasema tu "ninaumwa chini" halafu wanatazama pembeni. Leo tutautaja waziwazi. Kama unamsomea jirani ukurasa huu kwa sauti, msomee wote, hata pale utakapoona haya.

Nianze na mama mmoja wa kijiji chetu. Jina lake sitalitaja, na yeye mwenyewe amenipa ruhusa ya kusimulia. Ni mama wa watoto wanne. Siku ya kwanza alisikia mkojo unachoma. Kila baada ya muda mfupi haja inambana, anakimbia chooni, anatoa matone mawili matatu, anarudi, na kabla hajakaa haja inambana tena. Hakusema kitu. Siku ya tatu mume wake akagundua, akamwuliza: "Umeutoa wapi ugonjwa huo?" Wewe msomaji unajua swali la namna hiyo lina maana gani ndani ya nyumba. Kuanzia hapo mama akanyamaza kabisa. Akanunua kapsuli sita katika duka la dawa, bila kupimwa, kwa pesa aliyokuwa nayo. Maumivu yakapungua kidogo, kisha yakarudi na nguvu.

Wiki ile mimi nilipita nyumbani kwake mara mbili kwa kazi ya vyandarua. Nikamwuliza habari, akajibu "nzuri tu", nami nikaendelea na safari yangu. Mara ya tatu nilimkuta amelala mchana, amejifunika blanketi mbili na jua linawaka, anatetemeka na kutapika. Nikasema hii ni malaria, kama ambavyo na wewe ungesema. Tulipomfikisha kituo cha afya walipima malaria, hakuna. Walipopima mkojo ndipo wakaona. Ugonjwa ulioanza kwenye kibofu ulikuwa umekwisha kupanda hadi kwenye figo. Alilazwa, akachomwa sindano, akapona. Lakini kitu ambacho kingetibiwa kwa vidonge vya siku chache kilikuwa kimemfikisha kitandani, na sababu yake kubwa ilikuwa aibu.

UGONJWA HUU NI NINI?

Mwili wa kila mtu una figo mbili, moja kila upande wa mgongo, chini ya mbavu. Kazi yao ni kuchuja damu na kutoa uchafu pamoja na maji ya ziada. Huo ndio mkojo. Mkojo unateremka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu, ambacho ni kama puto lililo chini ya kitovu, mbele. Kibofu kikijaa unasikia haja, unakwenda, mkojo unatoka nje kwa mrija mmoja mfupi.

Bakteria wakiingia kwa mrija ule wa nje na kupanda hadi kwenye kibofu, wanazaliana humo na ngozi ya ndani ya kibofu inavimba. Ndiyo maana mkojo unachoma, na ndiyo maana kibofu kinakudanganya kwamba kimejaa hali hakuna kitu. Dalili nyingine ni maumivu chini ya kitovu, mkojo wenye ukungu au harufu kali isiyo ya kawaida, na mara nyingine damu kidogo. Kwa kawaida, ugonjwa ukiwa bado kwenye kibofu tu, mtu hana homa kali. Shika neno hilo, tutalirudia.

Kwa nini wanawake zaidi? Ni maumbile tu. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, kama upana wa vidole viwili, na mlango wake uko karibu na uke na karibu na njia ya haja kubwa. Wa mwanaume una kama sentimita 20. Bakteria akitaka kufika kwenye kibofu cha mwanaume ana safari ndefu, kwa mwanamke ni hatua mbili. Karibu nusu ya wanawake wote duniani hupata ugonjwa huu angalau mara moja katika maisha yao. Matajiri wanaupata, masista wa kanisa wanaupata, wasichana ambao hawajamjua mwanaume wanaupata.

UMEUTOA WAPI?

Sasa tujibu swali la yule baba. Bakteria anayeleta ugonjwa huu mara nyingi zaidi anaitwa Escherichia coli, kwa kifupi E. coli. Anaishi ndani ya utumbo wa kila mtu, wangu na wako, na akiwa huko hana shida nasi. Shida inaanza anapotoka kwenye njia ya haja kubwa na kuhamia mbele kwenye mlango wa mkojo. Kwa hiyo jibu ni hili: mama ameutoa kwenye mwili wake mwenyewe. Hakuupata kwa mwanaume mwingine, wala hakuambukizwa na mume.

Ni kweli kwamba tendo la ndoa linaweza kuwasukuma bakteria hao waingie kwenye mrija. Ndiyo maana wanawake walioolewa karibuni wanaupata mara nyingi, na familia inaanza kusema maneno juu ya bibi harusi. Bakteria ni wake mwenyewe, wamesukumwa tu. Dawa ndogo ya hapo ni kwamba mwanamke aende kukojoa mara baada ya tendo, asilale kwanza.

Hata hivyo sitaki kukudanganya. Magonjwa ya zinaa kama kisonono nayo yanaweza kufanya mkojo uchome. Ukiona usaha au ute usio wa kawaida, vidonda, au kuwashwa ukeni, au ikiwa ni mwanaume na anatoa usaha, inabidi kupimwa kwa ajili ya hayo pia, na mwenzi wako aje atibiwe pamoja nawe. Ndiyo sababu nasema kupima kwanza. Kipimo cha kituo cha afya ndicho kinachotofautisha, jicho la mume haliwezi, na la mama mkwe vilevile.

Na damu kwenye mkojo isichukuliwe kimchezo. Mara nyingi ni kibofu, lakini inaweza kuwa kichocho, hasa kwa ndugu waliotoka sehemu zenye ugonjwa huo na waliokuwa wakioga au kuvua katika maji ya huko. Mwambie mhudumu ulikotoka. Na mtu anayekojoa sana, mkojo mwingi, usiochoma, huku ana kiu isiyokwisha, huyo apimwe kisukari.

MVUKE WA CHOO

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu katika kutembelea nyumba hakuna jambo ninaloambiwa mara nyingi kama hili. "Ni joto la choo." "Ni mvuke unaopanda kutoka shimoni ukakuingia." Nimeisikia Juru, nimeisikia Rubondo, na hata mama yangu mzazi anaiamini. Wapo wanaomwaga majivu au maji ya moto shimoni kabla ya kuchuchumaa. Wapo wanaobeba maji ya dawa ya kufulia kujiosha kila wanapotoka.

Choo kichafu ni adui wetu, hilo halina ubishi. Kinaleta kuhara, kinaleta kipindupindu, kinaleta minyoo. Lakini bakteria wa kibofu hawapandi na mvuke kutoka shimoni. Hawana mabawa. Wanatembea juu ya ngozi yako, sentimita chache tu, kutoka nyuma kwenda mbele.

Imani hii ingekuwa ya kuchekesha tu kama isingekuwa na madhara. Mama anayeogopa mvuke anachuchumaa haraka haraka, anatoa nusu ya mkojo, anasimama. Nusu iliyobaki kwenye kibofu ndiyo maji ya kuogelea ya bakteria. Mwingine anaubana mkojo kutwa nzima mpaka arudi nyumbani kwake, kwa sababu haamini choo cha sokoni wala cha foleni ya chakula. Mkojo unapotoka ndipo unapowafagia bakteria nje. Ukiubana saa nyingi, unawapa nafasi ya kuzaliana. Kwa hiyo yule anayekimbia choo ili asiugue ndiye anayejitafutia ugonjwa.

Basi chuchumaa vizuri, usiharakishe, maliza mkojo wote. Ukimaliza subiri kidogo, kisha jaribu tena.

Na ile sabuni ya unga na dawa ya kufulia huko chini, tafadhali acheni. Pia acheni kuingiza ndimu, chumvi, tumbaku au majani ndani ya uke kwa ajili ya "kusafisha". Uke una bakteria wake wema wanaoulinda mlango. Ukiwaua kwa sabuni kali, E. coli anakuta nyumba haina mlinzi. Maji safi kwa nje yanatosha.

USIKU

Jambo la pili ni zito zaidi, na hapa siwezi kumlaumu mama yeyote. Nilipofika kutoka Kongo nikiwa msichana tulikaa kwanza pamoja na familia nyingi, na vyoo vilikuwa mbali, gizani. Kuanzia saa kumi za jioni nilikuwa sinywi maji. Dada zangu vilevile. Tulikuwa tumekubaliana bila kusema. Usiku mkojo ukikubana unahesabu saa mpaka kupambazuke, kwa sababu unajua kilichowapata wasichana wengine waliotoka peke yao. Nilipata ugonjwa huu mara mbili kabla ya kutimiza miaka 18, na sikumwambia mtu.

Najua wako wengi wanaofanya hivyo hata leo. Wengine wanafanya hivyo kwa sababu maji yenyewe ni ya foleni: jerikeni iliyopatikana ni ya kupikia, kuosha watoto na kufua, na mama anakunywa wa mwisho, kikombe kimoja.

Kwa hofu ya usiku, naomba ufanye hili bila aibu: tenga ndoo ndogo au kopo kubwa lenye mfuniko, liwe la kukojolea usiku ndani ya nyumba. Asubuhi mwaga chooni, oshea kwa sabuni au majivu, anika juani. Lisichanganywe na vyombo vya maji. Mama mmoja aliniambia kwao ni watoto tu wanaokojoa kwenye kopo, mtu mzima ni aibu. Nikamwuliza kati ya kopo na figo kipi cha kuchagua, akacheka. Ukitaka kwenda choo, nendeni wawili na tochi. Na kama choo chenu hakina mlango au taa ya eneo imekufa, mwambie mwenyekiti wa kijiji na mtaje jambo hilo katika mkutano, kwa sababu hilo pia ni jambo la afya.

Sasa maji. Mwaka 2018 matokeo ya utafiti mmoja uliofanyika Bulgaria yalichapishwa. Walichukua wanawake 140 waliokuwa wakirudiwa na ugonjwa huu na waliokuwa na tabia ya kunywa kidogo. Nusu yao wakaambiwa waongeze lita 1 na nusu ya maji kila siku juu ya waliyozoea. Wengine wakaendelea kama kawaida. Baada ya miezi 12, walioongeza maji walikuwa wameugua karibu nusu ya mara za wale wengine. Ni maji matupu, hayakuwekwa dawa yoyote.

Lita 1 na nusu ni chupa tatu ndogo za nusu lita, zile za soda. Jaza tatu asubuhi kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, ziweke mahali unapoziona, hakikisha jioni ziko tupu. Kama usiku ndio unaokutisha, kunywa nyingi asubuhi na mchana. Wewe unayefunga Ramadhani, gawa maji yako kuanzia futari hadi daku, usiyaache yote ya mwisho. Tazama na mkojo wako: ukiwa mweupe au wa njano hafifu unakunywa vya kutosha, ukiwa wa njano nzito kama mafuta ya kupikia ongeza. Mgonjwa wa moyo au wa figo aliyeambiwa na daktari apunguze maji, afuate daktari wake.

DUKA LA DAWA

Wenye maduka ya dawa ni jirani zetu na usiku wanatusaidia. Lakini msomaji, kapsuli sita za rangi mbili si matibabu. Kwanza, E. coli wengi siku hizi hawasikii amoxicillin tena, wamekuwa sugu. Septrin nayo katika sehemu nyingi imepoteza nguvu. Pili, ukimeza nusu ya dozi, bakteria dhaifu wanakufa na wenye nguvu wanabaki, na hao ndio wanaozaa. Mara nyingine dawa ile ile itakuwa kama peremende kwako, na kwa mtoto wako pia.

Kituoni utapewa kikombe kidogo cha mkojo. Jioshe kwanza kwa maji, anza kukojoa chini, kisha kinga mkojo wa katikati, bila kugusa ndani ya kikombe kwa vidole. Wanatumbukiza kijiti chenye vipande vya rangi, na baada ya dakika chache wanaona dalili za bakteria. Ukiwa na umri wa kuzaa utaulizwa kama una mimba, usikasirike, dawa nyingine haziwafai wajawazito. Sema pia kama una mzio wa dawa yoyote.

Dawa inayotumika sana kwa kibofu inaitwa nitrofurantoin, kwa kawaida siku 5. Meza pamoja na chakula, kwa sababu tumbo tupu linachafuka. Mkojo utageuka rangi, njano nzito au kahawia. Usiogope na usiache dawa, ni rangi ya dawa tu. Kuna mama aliyeitupa siku ya pili kwa kudhani anakojoa damu. Baada ya siku mbili hivi maumivu yanapungua, na hapo ndipo wengi wanaacha ili wabakize vidonge vya "siku nyingine" au vya dada. Maliza vyote. Vya dada atapewa dada mwenyewe akija kupimwa.

Je, pombe husafisha figo? Nimeulizwa hili na wababa zaidi ya mara kumi. Hapana. Pombe inakukojolesha kisha inakukausha, na kibofu chenye kidonda inakichoma zaidi. Na miti shamba? Sitawatukana wazee wetu. Mwili wenye nguvu mara nyingine hujiponya kibofu bila dawa yoyote, hasa mtu akinywa maji mengi, ndiyo maana kila mzizi una mashahidi wake. Lakini mzizi hauwezi kukuambia kama ugonjwa umeanza kupanda.

DALILI ZA KUKIMBIA NAZO KITUONI

Nilikwambia ushike lile neno la homa. Mkojo unaochoma pamoja na homa, kutetemeka kwa baridi, kutapika, au maumivu ya mgongo upande mmoja chini ya mbavu, hiyo inaonyesha kwamba figo zimeguswa. Usingoje asubuhi, usinunue dawa njiani, na usiseme ni malaria kabla ya kupimwa. Maambukizi ya figo yakiachwa yanaweza kuingia kwenye damu, na mtu anakufa.

Mjamzito asingoje hata dalili hizo. Mimba inalegeza mirija ya mkojo na mtoto anakandamiza kibofu, basi bakteria wanapanda kwa urahisi. Tena mjamzito anaweza kuwa na bakteria kwenye mkojo bila kusikia chochote, na wasipotibiwa wanaweza kupanda hadi kwenye figo, au mtoto akazaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Hii ndiyo sababu mojawapo ya kupimwa mkojo kliniki ya wajawazito. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mama mjamzito aonane na wahudumu wa afya mara 8, na ya kwanza iwe kabla ya kumaliza wiki 12. Hapa kwetu wengi wanakuja wakiwa na miezi sita. Njoo mapema, na ukiwa hapo uliza: "Mkojo wangu umepimwa?"

Watoto nao wanaupata. Mdogo hawezi kusema unachoma. Utaona homa isiyo na sababu, kulia anapokojoa, kukataa kunyonya, au mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Mlete. Msichana mdogo afundishwe mapema kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma, kamwe si kinyume, iwe kwa karatasi, kwa maji au kwa majani. Mtoto anayepata choo kigumu apewe maji, matunda na mboga, kwa sababu haja kubwa iliyojaa inakandamiza kibofu kisimalize mkojo.

Mwanaume akichomwa na mkojo aje kupimwa bila kuchelewa, kwake si jambo la kawaida. Akiwa mzee na mkojo unatoka kwa kusuasua, huenda ni tezi dume inayoziba njia.

Wakati wa hedhi badilisha pedi au kitambaa mara kwa mara, na kitambaa kifuliwe na kuanikwa juani. Najua wasichana wanavificha chini ya godoro vikauke gizani. Mama, mpe binti yako kamba yake.

NENO KWA AKINA BABA

Yule baba niliyemtaja mwanzo alikuja kituoni siku ya pili. Muuguzi alimweleza juu ya mrija wa sentimita 4, juu ya bakteria wa utumbo, akamwonyesha kijiti. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza kama maji ya kuongeza yanaweza kuwa ya jerikeni ileile ya kawaida, kwa sababu atakuwa anachota yeye. Sijui waliongea nini walipofika nyumbani, hayo si ya kuandikwa hapa. Ninachojua ni kwamba mke wake alipoumwa tena mwezi wa nane alikuja kwangu siku ileile, na safari hii vidonge vilimtosha.

Baba, mkeo akikuambia mkojo unamchoma, anza kwa kumwuliza tangu lini, na kama ana homa. Hayo ndiyo maswali ambayo hata sisi tutamwuliza.

MASWALI MLIYOTUULIZA

"Nikiwa naumwa naweza kulala na mume wangu?" Hutamwambukiza ugonjwa wa kibofu, ila utaumia zaidi. Afadhali mngoje umalize dawa.

"Nikienda kwa VHT atawatangazia watu?" Tumefundishwa kutunza siri, na anayetoa siri za wagonjwa anaweza kuondolewa kazini. Kama unaona haya kumwambia kijana wa kiume, mwulize akuelekeze kwa VHT mwanamke. Huna lazima ya kueleza yote mbele ya watu. Sema tu "nataka kupima mkojo", tutaelewa.

"Nimemaliza dawa na bado unachoma, ninunue nyingine?" Hapana. Huenda bakteria wako ni sugu kwa dawa ile, au si kibofu kabisa. Rudi kituoni, wanaweza kuupeleka mkojo kwenye kipimo kikubwa cha kuotesha bakteria ili wajue dawa gani inawaua. Vivyo hivyo kama unarudiwa mara tatu au zaidi ndani ya mwaka. Unapokuja, lete kadi yako, na lete pakiti za dawa zote ulizomeza, hata zile za dukani na hata kama zimebaki tupu, ili muuguzi aone umekwisha kupewa nini.